Bosi Ananifokea Mbele ya Wateja, Nifanyeje?

SWALI: Shikamoo Mama Mshauri. Mimi ni karani wa hesabu katika duka la jumla Kariakoo. Bosi wangu hunifokea mbele ya wateja, na juzi alinirushia kitabu cha risiti akisema hata mtoto wa darasa la tatu angejumlisha vizuri, ilhali kosa halikuwa langu. Kila Jumapili jioni tumbo huanza kunisokota, na nikifika nyumbani Kimara nawagombeza wanangu bila sababu. Mume wangu anasema nivumilie kwa kuwa kazi ni adimu. Nifanyeje?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana. Tumbo linalokusokota si udhaifu wala kudeka, kwa maana mwili uliozoea kutishwa hujiandaa kwa hatari hata kabla haijafika, moyo ukaenda mbio na tumbo likavurugika. Mumeo anasema kweli kuhusu kazi, lakini kuvumilia peke yake hakutoshi, kwa sababu uchungu unaoumeza dukani unawaangukia watoto ambao hawajui kisa chake. Waombe radhi, na uwaeleze kwa maneno mepesi kwamba umechoka kazini na wao hawajakosa lolote.

Bosi anapofoka, usijibizane naye wala usijitetee papo hapo. Vuta pumzi taratibu, kisha jibu lile la kazi tu: "Bosi, naomba nikuoneshe hesabu ilipopishana." Subiri wakati ametulia, pengine asubuhi kabla wateja hawajaanza kuingia, umwambie kwa heshima: "Nikikosea, naomba uniite pembeni unielekeze, kwa maana ukinifokea mbele ya watu nachanganyikiwa na kazi inaharibika." Maduka mengi ya aina hiyo hayana ofisa utumishi, lakini mara nyingi yupo mkubwa katika familia ya mwenye duka ambaye maneno yake husikilizwa, nawe unaweza kumwendea kwa faragha.

Kukurushia kitabu ni jambo jingine, na mimi silihesabu kuwa ukali wa kawaida. Liandike katika daftari lako la nyumbani pamoja na tarehe, maneno aliyoyasema na waliokuwapo. Usiache kazi kwa hasira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua kwamba mfanyakazi aliyejiuzulu kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike anaweza kuhesabiwa kuwa ameachishwa, ingawa ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo halali haumhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6, na kulithibitisha jambo hilo si rahisi. Kwa hiyo, kabla hujaandika barua yoyote, nenda na daftari hilo ukaombe ushauri kwenye chama cha wafanyakazi au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo cha serikali kinachoshughulikia migogoro ya kazi, maana ukishaacha kazi, malalamiko ya namna hiyo hupelekwa kwenye Tume ndani ya siku 30.