Siasa imeingia kijiwe cha bao, tuipige marufuku?

SWALI: Anti shikamoo. Mimi nipo Isevya hapa Tabora, tuna kijiwe chetu cha bao chini ya mwembe, wazee kwa vijana, jioni tunakutana tunacheza basi. Sasa tangu kampeni zianze watu wanakuja na kofia za vyama, juzi mzee mmoja na kijana wa bodaboda wakarushiana maneno mpaka bao likapinduliwa, kete zikamwagika mchangani, na kijana hajarudi tena. Wengine wanasema siasa ipigwe marufuku kabisa. Halafu kuna mgombea katuahidi bao jipya na mabenchi. Unatushauri nini? – Mpenda bao

JIBU: Marahaba mwanangu. Marufuku mimi siafiki kabisa. Mkulima wa tumbaku akija hapo analalamikia bei ya mbolea, hiyo siasa au maisha yake? Mama anayewauzia kahawa akisema ushuru umemzidi mtamwambia nyamaza? Mara nyingi anayesema tuache siasa ni yule ambaye mambo yamemnyookea, sasa ukimziba mwenzake mdomo na wewe ushachagua upande.

Ila kuongea ni kitu kimoja na kampeni ni kitu kingine. Tabora siasa mnaijua, TANU walikutana hapo hapo kwenu Januari 1958 wakabishana kuhusu kura tatu, yaani kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mwasia na Mzungu, ubishi ukawa mkali na baadaye Zuberi Mtemvu akajitoa akaanzisha chama chake. Lakini wale walienda wakijua wanaenda kubishana. Huyo kijana wenu alikuja kucheza bao.

Kwa hiyo mchezo ukianza watu wacheze. Mtu ana kete 22 mkononi ananamua, yaani anaziingiza ubaoni moja moja, anapiga hesabu kichwani itaishia shimo gani, nyumba yake, lile shimo lake kubwa, isiliwe, halafu wewe unampigia kelele za mbunge sikioni, hata ingekuwa habari ya Simba na Yanga bado unamkosea. Mkimaliza, kahawa ikija, ongeeni mnachotaka ila mtu asiitwe msaliti kisa chama, na kofia ziachwe nyumbani, zote, za wazee pia.

Hapo kwa wazee nasisitiza maana hujaniambia nani alilipindua hilo bao, ila naona aliyeacha kuja ni kijana. Mzee akitukana tunasema ni mzee wetu, kijana akijibu tunasema hana adabu, hiyo si haki jamani! Mfuateni kwao, msimpigie simu, na huyo mzee waliyegombana naye awepo.

La mgombea jibu langu ni hapana. Mkikalia mabenchi yake, asiyempigia kura atajiona mgeni kwenye kijiwe chake mwenyewe. Mninga upo huko huko kwenu na mafundi seremala hawakosekani, changeni kidogo kidogo mchongewe bao lenu, hata mkichukua miezi.