Maswali ya Ndege: Mbayuwayu wa Machi na Vioja Vingine

Theluji ikianza tu kulainika kusini mwa Sweden, barua za wasomaji wetu walioko huko humiminika. Nimechagua chache.

Nimeona mbayuwayu watatu hapa Göteborg, tarehe 9 Machi. Je, ni mimi wa kwanza mwaka huu?

Barua hii huja kila mwaka, anayebadilika ni mwandishi tu. Mbayuwayu wengi wa Sweden hukimbilia kusini mwa Afrika wakati wa baridi, na mwezi Machi wengi wao bado wako huku barani kwetu. Wachache hutangulia Aprili mapema. Kundi kubwa hufika mwishoni mwa Aprili na Mei. Chakula chao ni wadudu warukao. Machi, Göteborg, watakula nini?

Nadhani uliona kwenzi, ambao hurudi mwezi huo kutoka Ulaya ya magharibi. Akiruka, kwenzi ana mabawa ya pembetatu na mkia mfupi kama uliokatwa kwa mkasi. Mbayuwayu ana mkia wa panda. Wewe mkia hukuutaja kabisa. Ukitaka mgeni halali wa Machi, nenda mashambani umtafute ndege aitwaye tofsvipa kwa Kiswidi, mweusi kwa mweupe, mwenye kishungi chembamba kilichopinda kisogoni. Ukimpata, mwandike kwenye Artportalen, tovuti ya Sweden ya kuripoti viumbe ulivyoviona: tarehe, mahali, idadi. Bila hayo matatu umepiga soga tu.

Koltrast, yule ndege mweusi wa bustanini, ameanza kuimba Malmö tangu Februari. Amewahi kurudi kutoka Afrika?

Hakwenda Afrika, na huenda hata Malmö hakutoka.

Tunataka kuwapeleka watoto kwenye ziwa Hornborgasjön kuona korongo. Twende lini? Na ni wale wa bendera ya Uganda?

Mwishoni mwa Machi hadi katikati ya Aprili. Yule wa Uganda, mwenye taji, havuki bahari. Hawa wa kijivu hutoka Hispania na nchi nyingine za Ulaya, na siku nzuri huzidi 10,000. Kilichowavuta hapo zamani ni viazi vilivyolimwa kwa ajili ya kutengeneza pombe kali. Kilimo hicho kikafa, na siku hizi wanamwagiwa nafaka. Bakini mpaka jioni, wanapoteremka kulala kwenye maji ya kina kifupi. Mbwa abaki nyumbani. Droni pia, na baba mwenye droni akibisha, naye abaki.

Niendelee kuwawekea ndege mbegu?

Endelea mpaka theluji iishe, lakini safisha hicho kibanda. Mbegu zilizochanganyika na kinyesi hueneza salmonela, na paka wako akimla ndege mgonjwa ataugua naye. Vaa glavu.

Juni iliyopita, huku Skåne, kusini mwa Sweden, nilimsikia shore kichakani, shore kabisa wa nyumbani. Programu ya simu ya kutambua sauti za ndege nayo ikasema ni shore wa Afrika. Wenzangu wananicheka hadi leo.

Waache wacheke. Mimi siziamini programu hizo, na wanaozifuata kama maandiko hunichosha, ila safari hii simu na sikio lako vyote vina hoja. Uliyemsikia karibu hakika ni kärrsångare, kindege cha rangi ya udongo kinachofika mwishoni mwa Mei na kuimba kwenye magugu marefu, hata usiku. Wimbo wake ni wa kuiga. Utafiti wa Ubelgiji uliochapishwa mwaka 1979 uligundua kuwa dume mmoja huiga wastani wa aina 76 hivi za ndege, na zaidi ya nusu ni wa Afrika. Kinda hajifunzi kwa baba, maana baba hunyamaza mapema; huokota sauti za majirani Ulaya, kisha za kila kichaka anachopitia hadi kusini mwa Afrika.

Njiani hupita Kenya. Pale Ngulia, Tsavo Magharibi, taa za hoteli kwenye ukungu wa Novemba na Desemba huwashusha ndege hawa kwa wingi, na tangu mwaka 1969 wataalamu huwavisha pete zenye namba mguuni na kuwaachia. Pale taa zinafanya kazi ya sayansi. Taa zenu za ofisini zinazowaka usiku kucha mbele ya vioo zinafanya kazi gani?

Mwaka huu rudi kichakani usikilize dakika kumi. Shore halisi hatabadilika ghafla kuwa mbayuwayu, halafu shomoro.

Ndege mdogo wa kahawia, ni nani?

Wapi? Lini? Picha iko wapi?

Niko Tanga. Tumeokota ndege aliyekufa, mguuni ana pete ya chuma yenye neno Stockholm.

Hii ndiyo barua niliyoifurahia. Soma namba yote, pamoja na herufi zilizotangulia, uipige picha, kisha uwaandikie Naturhistoriska riksmuseet, makumbusho ya taifa ya viumbe na mazingira yaliyoko Stockholm, ukitaja siku, mahali na hali ya ndege. Watakujibu alivishwa wapi na lini. Siku ukimkuta aliye hai, soma namba tu umwachie. Pete usiivue, na usimpe mtoto aichezee.