Shangazi, mume wangu kaapa fundi hakanyagi tena kwetu

Marahaba mwanangu wa Buswelu. Barua yako nimeisoma yote, na kwa wasomaji wengine nieleze kifupi. Dada huyu na mumewe walinunua nyumba ya zamani, wakampa fundi advansi ya laki 8 aanze na bafu na choo cha ndani, jamaa akabomoa kila kitu halafu akaingia mitini, simu haipatikani mpaka leo. Tangu hapo baba watoto kaapa hakuna fundi atakayekanyaga pale. Yeye ni mwalimu, kwahiyo usiku anaangalia video za ujenzi kwenye simu, wikiendi anashika mwiko, na sasa ni mwezi wa 5 familia inaogea kwa jirani. Sebule tailizi zimefika nusu. Anachotaka sasa ni kuvuta waya mpya za jikoni kwa mkono wake, halafu apande juu abadilishe mabati kabla mvua hazijachanganya. Dada ana hela ya kikoba na swali lake ni hili, je alete fundi kimyakimya mume akiwa shuleni?

Usilete, mwanangu. Hela ni yako na hasira yako naielewa kabisa, ila fikiria huyo baba anarudi jioni amechoka anakuta mwanaume mwingine kashamaliza ukuta alioanza yeye, kalipwa na mke wake kwa siri. Mumeo hakuibiwa hela tu pale, aliaibika mbele yako na mbele ya watoto, na anavyokomaa na mwiko kila jumamosi ni kujaribu kuisimamisha heshima yake. Ukimzunguka utapata bafu ila yeye atahesabu kwamba watu wawili wamemfanyia uhuni na wa pili ni wewe.

Lakini kwenye umeme na paa uko sahihi kuogopa, na hapa nakuomba umsomee na yeye. Baba, mi sikudharau. Kujifunza kazi ya mikono ukubwani ni jambo zuri sana na nyumba ni yako. Ila kila kazi kabla hujaigusa jiulize, nikikosea hapa itakuwaje? Ukikosea rangi unapiga msasa unarudia. Ukikosea tailizi za sebuleni unabandua, umepoteza boksi moja na jumapili yako. Umeme ukikosea hupewi nafasi ya kurudia. Waya wa taa kwa kawaida ni wa unene wa 1.5 (milimita za mraba), wa soketi ni 2.5, sasa watu wanaweka hita ya kuogea au jiko la umeme halafu wanaunga kwenye waya wa taa kwa sababu ndo uliokuwa karibu, na taa inawaka, hita inachemsha, kila mtu anafurahi. Kumbe waya unapata moto ndani ya ukuta ambapo hakuna anayeuona, plastiki inalainika kidogokidogo, na nyumba ya zamani kama hiyo unakuta hata ethi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, ilishakatika kitambo. Mtoto anashika bomba akiwa na miguu mibichi, ni volti 230 hizo. Fundi umeme anatakiwa awe na leseni ya EWURA, ile mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, mwombe akuonyeshe kabla hajafungua hata soketi moja, asiye nayo aende.

Na paa jamani. Mvua zetu za Mwanza wote tunazijua, alfajiri watu wamelala unasikia radi na upepo kutoka ziwani, na bati ambalo halikupigiliwa vizuri pembeni ndo linaanza kunyanyuka hapo. Kwenye kenchi za zamani shida siyo bati peke yake, kuna mbao ambazo mchwa wamezila ndani na nje zinaonekana nzima, ukikanyaga unashuka nazo. Kazi hiyo inataka watu watatu wanne waliozoea kutembea juu, siyo baba mmoja na ngazi ya kuazima.

Bafu nalo naliweka huku huku kwa fundi. Chini lazima pawe na mteremko kuelekea kwenye tundu la maji, na mabomba yanayojificha ukutani yajaribiwe kwanza kwa kufungulia maji na kuyaacha usiku mzima kabla lipu haijayafunika, maana wengi wanagundua linavuja wakati tailizi zimeshakauka.

Mengine yote mwachie yeye, na umwachie kwa moyo mweupe. Amalizie sebule, kila tailizi aigonge na sarafu, inayotoa sauti ya uwazi chini haijashika, aibandue mapema. Lipu mpya aimwagie maji wiki nzima, halafu asiikimbilie na rangi, aiache ikauke wiki kadhaa la sivyo rangi itatoa malengelenge. Rangi za mafuta za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, kwahiyo akizikwangua alowanishe kwanza, avae barakoa, watoto wasiwepo.

Sasa mtampataje fundi asiyewakimbia? Kwanza advansi kubwa acheni kabisa. Materio nunueni wenyewe dukani, mumeo aende na fundi wachague wote, risiti abaki nayo yeye, fundi analipwa ufundi tu na kwa hatua, mabomba yakikamilika kiasi fulani, tailizi kiasi fulani, na kipande cha mwisho kinabaki mkononi mpaka mmeoga mmeona maji yanaenda. Andikeni karatasi, msaini mbele ya mjumbe. Na msiangalie picha za kazi kwenye simu yake, mwambieni awapeleke kwenye nyumba aliyoifanya mwaka jana mkaongee na mama mwenye nyumba, huyo atawaambia ukweli wote. Huyo aliyekimbia na laki 8 mpelekeeni malalamiko serikali ya mtaa na polisi, meseji za muamala si mnazo.

Na kuna kitu naona kitamfaa sana mumeo: awe saidia fundi kwenye nyumba yake. Fundi siku zote anakuja na msaidizi wa kukoroga mchanga na saruji na kubeba tailizi, naye analipwa kila siku. Hiyo nafasi aichukue mumeo kipindi cha likizo, mkubaliane na fundi mapema. Pesa ya msaidizi inabaki nyumbani, mchezo wa kupunguza saruji haufanyiki mbele ya macho yake, na mkono wa fundi anauona kwa karibu, siyo kwenye kioo cha simu.

Ukiongea naye usiongee akiwa na mwiko mkononi wala watoto wakisikia. Anza na sebule, mwambie ile mistari imenyooka kama kweli imenyooka, halafu umwambie unaogopa kumzika kwa ajili ya waya za jikoni. Liseme hivyohivyo, maana ndo kilichokufanya uniandikie.

Halafu hela ya kikoba itoe aione, ianze na bafu. Mwisho wa barua umegusia kwa kupita tu kwamba binti yenu ana miaka 11 na akienda kuoga kwa jirani anarudi giza limeshaingia. Hilo mwanangu mwambie baba yake leo, wala usisubiri likizo ifike.