Kabla hujamwahidi mkulima udongo safi

Wewe unayeanza kazi hii ya kusafisha udongo wenye sumu, shika kwanza hili: metali nzito haziozi. Viuatilifu vingi huvunjwa na vijidudu vya udongoni, lakini metali yenye sumu kama kadimi au risasi itabaki pale pale. Utaiondoa, utaifunika, au utaifunga ili mizizi isiinyonye.

Kwa hiyo piga hesabu kabla ya kutoa ahadi. Sentimita 20 za juu za hekta moja ni kama tani 2,600 za udongo. Kila kilo ikiwa na miligramu 2 za kadimi, shamba lina kilo 5.2. Ukitaka kuishusha hadi miligramu 1, utoe kilo 2.6. Sasa panda mmea wa kuinyonya kadimi, unaokupa tani 10 kavu kwa mwaka, wenye miligramu 20 za kadimi katika kila kilo. Unaondoa gramu 200. Ni miaka 13, tena kama mavuno hayatapungua, na mkulima hali chochote kutoka hapo! Mimea yenyewe ukishaivuna ni sumu: usilishe mifugo wala usitengenezee mboji.

Ndiyo maana mara nyingi naanza na chokaa. Udongo wenye asidi ukifikishwa pH (kipimo cha asidi, kikipanda asidi imepungua) 6.5 hivi, kadimi hushikwa na udongo, mizizi ikapata kidogo. Ila pima kwanza arseniki, sumu nyingine ya udongoni, maana yenyewe huweza kulegea na kunyonywa pH inapopanda. Mpunga ni mgumu zaidi: ukiacha maji yatuame, kadimi hupungua kwenye punje na arseniki huongezeka, ukiyakausha, mambo hugeuka. Shamba lenye zote mbili linataka subira, na usimfiche mwenye shamba.

Kuhusu sampuli, mwaka wangu wa kwanza nilichanganyia udongo kwenye ndoo ya bati. Majibu ya zinki yalikuja juu mno, tukahangaika kutafuta chanzo shambani, kumbe bati hupakwa zinki. Tulirudia shamba zima. Tumia ndoo ya plastiki na koleo la chuma cha pua. Udongo wa pale maji ya mfereji yanapoingilia usiuchanganye na wa katikati, kwa sababu maji machafu huacha mzigo mkubwa pale pale kwenye mdomo, na wastani utauficha.

Chanzo kizibwe kabla ya lolote. Huko Toyama, Japani, maji ya mto Jinzu yalileta kadimi ya mgodini hadi kwenye mashamba ya mpunga, watu wakaugua mifupa. Kurekebisha udongo huo kulichukua zaidi ya miaka 30, kazi ikaisha 2012.

Na ukishaweka chokaa usiondoke moja kwa moja. Mvua na mbolea za amonia hurudisha asidi, kadimi ikaachiwa tena. Rudi kila msimu upime pH, kisha upeleke maabara mazao yenyewe, siyo udongo tu.