Barua kwa mwanangu: kadi za mwaliko zianze na orodha

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, na mwenzio msalimie sana. Umeniuliza mambo matatu kwa pumzi moja: mchapishe kadi za mwaliko wa ndoa yenu kwa karatasi kama anavyotaka yeye au mtume za simu tu kama unavyotaka wewe, kama ni za karatasi, muagize ngapi, na muanze lini. Umeniletea na picha za kadi mlizozipenda. Mama yako amekwisha kuchagua ile yenye maua. Mimi sijachagua, kwa sababu bado hujaniambia orodha ya wageni imefikia wapi, na bila orodha hakuna swali hata moja kati ya hayo linalojibika.

Unajua riziki yangu imetoka kwenye mashine za chapa, kwa hiyo nivumilie nikikujibu kama fundi kwanza, baba baadaye.

Kadi hazihesabiwi kwa vichwa, zinahesabiwa kwa milango. Mume na mke ni kadi moja. Watoto wao wanaokaa nao wamo kwenye kadi hiyo hiyo. Kijana aliyekwisha kuhama kwao apewe yake, asiunganishwe na wazazi kana kwamba bado yuko darasa la tano. Ukihesabu hivyo, orodha ya watu 240 inaweza kukutaka kadi 110 au 120 tu. Nimeona maharusi wengi wakiagiza kadi kwa idadi ya wageni, halafu maboksi yakabaki chini ya kitanda.

Kaeni basi, nyinyi wawili kwanza, kisha na wazazi wa pande zote mbili, mjaze jedwali kwenye kompyuta: jina la mwalikwa kama mwenyewe anavyotaka liandikwe, wa nyumbani kwake walioalikwa pamoja naye, namba ya simu, atapata mwaliko wa aina gani, na safu moja iachwe wazi kwa jibu lake. Hapo ndipo mtakapobishana, na ni vizuri mbishane hapo kuliko kadi zikiwa zimekwisha kutoka. Jedwali hilo litawafaa tena mtakapopanga viti.

Mkishapata idadi, ongezeni kadi 10 hadi 15 kwa kila 100. Kuna mtu mtakayemkumbuka usiku wa manane, kuna jina litakaloandikwa vibaya, na nyinyi wenyewe mtataka kubaki na mbili tatu. Bahasha ziongezwe zaidi ya hapo, maana ndizo zinazoharibika majina yanapoandikwa kwa mkono. Msije mkajipa moyo kwamba zikipungua mtaagiza nyingine. Kwa chapa ya ofseti, ile ya mashine kubwa za mabati, kila rangi ina bati lake la alumini, mashine inawekwa sawa, na karatasi za mwanzo zinatupwa mpaka wino utulie. Kazi hiyo ni ile ile, uwe unataka kadi 20 au 2,000. Chapa ya kidijitali haina mabati, ndiyo maana kwa idadi kama yenu inafaa zaidi, lakini hata hapo mzigo wa pili unaweza kutoka na rangi iliyotofautiana kidogo na wa kwanza. Mkiambiwa kwamba ofseti ni nafuu kwa kila kadi, ulizeni ni nafuu kuanzia kadi ngapi.

Sasa ugomvi wenu wa karatasi na simu. Kwa maoni yangu mna haki wote wawili, ila si kwa wageni wale wale. Wazee, wanaosafiri kutoka mbali, na wale ambao kwao mwaliko ni heshima ya kushikwa mkononi, wapelekeeni karatasi. Marafiki, wafanyakazi wenzenu na wengine wanaoishi na simu mkononi, watumieni ya simu, lakini kila mtu kwa jina lake. Ukibandika kadi moja kwenye kundi lenye watu 90, hukumwalika mtu, umetoa tangazo. Na picha isiyo na jina la mtu husambazwa, ikamfikia hata asiyehusika, naye akaja kwa nia njema kabisa.

Maneno ndiyo yatakayowachosha, ingawa ni machache. Nani anaalika, nani anaoa nani, siku, tarehe, saa, mahali, jinsi ya kujibu na mwisho wa kujibu. Hayo tu. Kila neno jingine linakula nafasi ya haya. Siku na tarehe ziandikwe zote mbili na mwaka wake, kisha mfungue kalenda mthibitishe zinakubaliana. Kadi yenye "Jumamosi" juu ya tarehe ya Jumapili inaleta simu mia moja. Kuna mteja mmoja alichapisha hivyo, akaishia kubandika vipande vya karatasi juu ya kila kadi, akilia huku akicheka.

Saa nazo zina mtego wake kwetu sisi. Mkiandika "saa 8:00" bila "mchana", mgeni ataingiza nane kwenye kalenda ya simu yake na simu itamwamsha asubuhi. Andikeni "saa nane mchana" kwa maneno. Kama upande wa pili wa kadi una lugha nyingine, saa ya upande huo ifuate hesabu ya lugha hiyo, na mtu asiyeijua kadi awasomee pande zote mbili kwa sauti ili msikie kama zinasema wakati mmoja. Sherehe ikiwa ya usiku, msiishie kwenye "usiku wa Jumamosi", kwani kuna watakaoelewa usiku wa kuamkia Jumamosi. Tarehe na saa zikae pamoja, mstari mmoja.

Mahali pawekwe jina la ukumbi, mtaa, na alama inayojulikana. Ile miraba ya kuskani na simu inasaidia sana kwa ramani, ila isipungue sentimita 2 kila upande, iwe nyeusi juu ya rangi nyepesi, na izungukwe na nafasi tupu. Iskanini kutoka kwenye karatasi iliyochapishwa, kwa simu zaidi ya moja, ikiwamo iliyochoka. Kuiskani kwenye kioo cha kompyuta hakuthibitishi kitu.

Kuhusu karatasi yenyewe, mwambie mwenzio asidanganyike na picha. Karatasi ya kawaida ya ofisini ina uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba. Kadi isiyokunjwa iwe na gramu 300 hadi 350. Chini ya 250 inalegea mkononi. Kama mnataka ya kukunjwa, gramu 250 zinatosha, lakini muulizeni mpiga chapa kama ataitia mfuo, yaani mstari uliobonyezwa mahali pa mkunjo, kabla ya kuikunja. Karatasi ina nyuzi zilizoelekea upande mmoja kama mbao. Ikikunjwa kwa kuzikata nyuzi zake, tena bila mfuo, uso wake unapasuka, na kama hapo pamejaa wino mzito utaona mstari mweupe uliochanika katikati ya kadi. Chukueni karatasi yenyewe, muikunje, mpitishe kucha juu ya mkunjo. Jibu mtaliona hapo hapo.

Karatasi ya kung'aa inapendeza picha ikiwa nyingi, lakini jaribuni kuandika juu yake kwa kalamu ya wino: maandishi yanateleza, na kidole kikigusa yanafutika. Kama majina ya waalikwa yataandikwa kwa mkono, chukueni isiyong'aa. Bahasha nyeusi au ya rangi ya damu ya mzee ni nzuri mpaka siku mtakayotafuta kalamu nyeupe inayoandika majina yote bila kukauka. Na ile foili ya dhahabu, utando wa kumetameta unaobandikwa kwenye herufi, iliyojaa kwenye picha zenu zote! Iwekeni kwenye majina yenu mawili makubwa, basi. Herufi ndogo za dhahabu juu ya karatasi nyeupe hazisomeki chini ya taa. Mzee ataigeuzageuza kadi akitafuta pembe ya mwanga. Hati za mikato nazo, zile herufi zenye mikia, ni za majina tu. Saa na mahali viandikwe kwa herufi za kawaida, zisipungue pointi 9. Maua ya mama yako hayana neno mradi yakae pembeni, yasipite nyuma ya maandishi.

Ukubwa uchaguliwe pamoja na bahasha. Kadi ya A6, yaani milimita 105 kwa 148, inaingia kwenye bahasha ya C6 bila taabu, na bahasha hizo zinapatikana kirahisi. Kadi ya mraba inavutia, lakini bahasha yake ni ya kuagiza, na katika baadhi ya nchi posta hutoza zaidi kwa barua ya mraba kwa kuwa mashine za kuchambua barua haziimudu.

Mchoraji wenu awape faili la PDF lenye rangi nne za chapa: samawati, majenta, njano na nyeusi. Rangi za kioo zinatokana na mwanga, hivyo ule waridi unaowaka kwenye simu utatoka umepoa kwenye karatasi, na hakuna fundi atakayeweza kuurudisha. Usuli wa rangi upite ukingo wa kadi kwa milimita 3 kila upande, ili kisu kikikata kisiache uzi mweupe. Picha yenu kama mnaiweka, iwe na nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa utakaochapwa. Mkitumiana faili kwa WhatsApp, litumeni kama hati. Likitumwa kama picha ya kawaida linabanwa, na herufi zinatoka na ukungu.

Kisha prufu, yaani kadi ya majaribio ya kukaguliwa kabla ya kuchapa zote. Hapa usikubali kuharakishwa na mtu. Omba kadi moja iliyochapwa kwenye karatasi ile ile mtakayotumia, iliyokatwa na kukunjwa, iliyotiwa ndani ya bahasha yake. Aisome mtu ambaye hakuiandika. Nyinyi mmeyaona maneno hayo mara nyingi mno, macho yenu yanasoma mnachokijua badala ya kilichoandikwa. Asome kutoka mwisho kwenda mwanzo, mstari kwa mstari. Majina yasomwe herufi kwa herufi, na namba za simu zipigwe kweli mpaka ziite. Zaidi ya hitilafu yoyote ya rangi, nimeona watu wakiumia kwa jina la mzazi lililokosewa. Mkishaweka sahihi kwenye prufu, kosa lililobaki ni lenu, hata kama lilianza kwa mchoraji. Ndivyo kazi ya chapa ilivyo popote.

Kuhusu lini: hesabuni kurudi nyuma kutoka siku ya ndoa. Mwaliko umfikie mgeni wiki 6 hadi 8 kabla. Mwisho wa kujibu uwe wiki 3 au 4 kabla, ili mpate muda wa kuwafuatilia wanaokaa kimya, na watakaa kimya wengi. Kwa hiyo maneno na michoro vianze miezi minne kabla, kadi ziingie mashineni angalau miezi mitatu kabla. Wanaotoka nchi nyingine waambieni tarehe mapema kwa ujumbe mfupi wa simu, hata nusu mwaka kabla, wapate kuomba likizo na viza. Hiyo haihitaji kadi. Lakini msichape chochote kabla ukumbi haujawathibitishia tarehe kwa maandishi. Neno la mdomo la meneja halitoshi.

Jedwali likikamilika nitumie, nami nitawapigia hesabu ya kadi na bahasha. Prufu ikitoka niletee kabla hujaisaini, hata kama wanakwambia mashine inasubiri. Na mwambie mwenzio amuulize baba yake kama jina lake liandikwe na cheo au bila cheo. Hilo mimi siwezi kuwaamulia, na kwenye picha ulizotuma liko kwa namna mbili.

Baba yako