Kabla hujatia sahihi mkopo wa marimba, soma hapa

Wewe wa Kisauni, weka kalamu chini kwanza. Unasema umeacha kazi, unataka kuishi kwa kupiga ala za mdundo za muziki wa klasiki wa kisasa, kutunga na kufundisha. Umeuliza usomee wapi, uanze vipi kutunga, na kama ni sawa kuchukua mkopo wa sacco ununue marimba ya oktava tano, ile ala kubwa ya safu za mbao zinazopigwa kwa mikwiro. Si sawa. Usiuchukue.

Mimi niliuchukua. Alikuja bwana mmoja kutufanyia warsha, akatwambia asiye na marimba kamili atabaki mpiga ngoma wa harusini. Naona wewe pia umeambiwa karibu maneno hayo hayo, na yananichemsha damu mpaka leo. Kwanza, harusini kuna ubaya gani? Pili, hakutwambia kwamba huko Ulaya na Marekani mpigaji akisafiri kwa kawaida hubeba mikwiro yake tu. Marimba huikuta ukumbini au chuoni, au wenye onyesho humkodia. Analijua hilo vizuri sana, kwa sababu ndivyo anavyoishi yeye. Akatunyamazia, akatupa anwani ya muuzaji.

Sasa sikiliza habari ya Kilindini, bandari yetu ya Mombasa. Bei uliyotajiwa ni ya ala peke yake. Ongeza nauli ya meli, bima, ushuru, ada za uagizaji, malipo ya ajenti wa klaringi, na VAT ya asilimia 16, ambayo haipigwi juu ya bei ya dukani tu: wanajumlisha bei, nauli, bima na ushuru, ndipo wanakokotoa. Halafu kuna mbao. Marimba nzuri huchongwa kwa mti uitwao rosewood wa Honduras, ambao ni wa ukoo mmoja na mpingo wetu, Dalbergia. Januari 2017 ukoo wote huo uliwekwa chini ya masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na ala zilizokamilika hazikuondolewa mpaka mwishoni mwa 2019. Yangu iliingia katikati ya miaka hiyo, na muuzaji hakutuma kibali. Barua zikaenda, zikarudi, huku ada ya kuhifadhi mzigo bandarini ikipanda kila kukicha. Sacco nao hawakusubiri kibali. Makato yao yalianza pale pale. Nikauza pikipiki. Nikauza seti yangu ya ngoma, ile iliyokuwa ikinilisha.

Ikafika nyumbani Tudor. Ina urefu wa mita mbili na nusu na zaidi, na chumba kizima kikawa chake. Kisha unyevunyevu wa pwani ukaianza. Mbao zikinywa unyevu sauti hushuka, na chumvi ya bahari inakula skrubu na magurudumu. Kuisawazisha si kazi ya seremala: kila ubao hukwanguliwa chini mpaka sauti yake ya pili ikae oktava mbili kamili juu ya ile ya kwanza. Fundi wa kazi hiyo nimemtafuta mji mzima, sikumpata.

Unajua deni lililipwa na nini? Snea moja ya kuazima, ile ngoma ndogo ya vijiti yenye nyuzi chini yake, na pedi za mpira za mazoezi. Watoto wa mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ambao kwa snea wanahitaji ngoma moja na stendi ya kuwekea nota. Shule zilizotaka mtu wa kunyoosha midundo kabla ya Tamasha la Muziki la Kenya. Marimba yenyewe haijalipa hata turubai lake.

Basi kanuni ni hii, na nitairudia hata ukichoka: usinunue ala usiyoweza kuibeba mwenyewe mpaka iwepo kazi ya kulipwa inayoidai. Na usidhani bila hiyo utakosa muziki mzito wa kupiga. Mtunzi Mgiriki Xenakis alipoandika Psappha, kazi ya mpiga ala za mdundo mmoja, mwaka 1975 hakutaja ala. Alitaka makundi sita ya sauti, matatu ya miti na ngozi, matatu ya vyuma, na mpigaji achague mwenyewe. Hapa mjini una chapuo, vumi, msondo, upatu, na vyuma vya kila aina kwa mafundi wa jua kali. Wazee wanaopiga chakacha wanakufundisha mkono wa kushoto vizuri kuliko warsha yoyote niliyolipia. Nenda kwao wiki hii, na nenda na heshima yako.

Kushika mikwiro minne, miwili kila mkono kama wapiga marimba, unaweza kujifunzia juu ya godoro. Ukishaimudu na ukataka mbao za kweli, nitumie ujumbe humu humu jukwaani. Marimba ipo, chumba kipo, sitaki senti yako. Ila njoo na ile fomu ya sacco, nione kwa macho yangu kwamba hujaijaza.