Barua kwa mwanangu aliye Njombe: saa ya Tanga si saa yako

Tanga, 6 Julai 2025

Mwanangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Ujumbe wako wa Jumatano nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani, nikahakikisha kwamba ni swali kweli na si malalamiko. Unaniuliza nimewezaje kutembea kila siku kwa miaka kumi na sita, masika na kiangazi, ilhali wewe kila ukianza hali ya hewa inakukatisha. Unasema ulianza Septemba mwaka jana, ukaenda vizuri mpaka mvua za Desemba zikakutoa njiani. Ukarudi mwezi wa Tano, na sasa baridi ya Njombe imekurudisha chini ya blanketi. Ningeweza kukujibu kwa simu, lakini mazungumzo yetu ya simu huishia kwenye bei ya viazi na habari za nani kaoa, kwa hiyo nimeona niandike.

Kwanza nikutoe kwenye dhana moja. Si kweli kwamba ninatembea kila siku. Unaikumbuka kalenda inayoning'inia jikoni nyuma ya mlango. Kila nikirudi kutoka matembezini ninaitia alama kwa kalamu ya buluu. Nimeiteremsha ya mwaka jana na kuihesabu kwa ajili yako. Mwaka ulikuwa na siku 366, na alama ziko 297. Siku 69 zilizobaki zina maelezo yake: 23 ni mvua, zikiwemo siku za mwezi wa Tano tulipotangaziwa habari za kimbunga Hidaya, 14 ni misiba na arusi, maana kazi za watu haziahirishwi, 9 ni homa, 8 ni ile safari ya kuja kwako, na 15, nisikufiche, ni uvivu mtupu. Wewe ukikosa siku tatu unajihesabu umeacha, kisha unasubiri mwezi mpya ili uanze upya. Mimi tangu mwaka 2009 nimeanza upya mara moja tu, nayo nitakueleza mbele. Huwa ninaendelea tu na kesho yake, na kalenda haijanidai maelezo.

Mwaka huo wa 2009 unaukumbuka. Nilikuwa bado nafundisha, nikapimwa shinikizo la damu likaonekana 168 kwa 104, nikapewa vidonge na kuambiwa nitembee. Vidonge ninavimeza hadi leo, na usije ukamwambia mtu kwamba mama yako aliponeshwa na raba. Lakini kutembea ndiko kulikonifanya nipande ngazi za shule bila kusimama katikati nikijifanya ninatafuta chaki mfukoni. Nilichagua saa 11:30 alfajiri kwa sababu moja tu: joto la Tanga. Mtu anayejua mji wetu mwezi wa Pili hahitaji kuelezwa. Upepo wa kaskazi umelegea, hewa imejaa maji, jasho linatoka lakini halikauki, na mwili ambao jasho lake halikauki haupoi. Tena mwezi huo jua huchelewa kuchomoza, karibu saa 12:30, na likishachomoza halikupi nafasi. Ikifika saa 1:30 lami inaanza kurudisha joto usoni. Kwa hiyo ninaswali alfajiri, ninakunywa bilauri ya maji, ninatoka kungali na giza, na jua linanikuta Raskazone nikiwa tayari nimegeuza kurudi.

Sasa hapo ndipo nilipoona kosa lako, na si kosa la uvivu. Umeiga saa yangu. Saa 11:30 alfajiri ilitengenezwa na joto la pwani. Kuipeleka Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa Saba, ni sawa na kuvaa kanga nyepesi ya kwetu ukaenda nayo kuchuma chai huko. Isitoshe, alfajiri yako si alfajiri yangu. Nchi nzima tunafuata saa ileile, lakini nyinyi mko mbali zaidi magharibi na kusini, na katika kipupwe jua linatutangulia sisi kwa takriban dakika 25. Mimi ninaliona kama saa 12:30, wewe unakaribia saa 1:00. Ukitoka saa 11:30 unatembea karibu saa nzima na nusu kabla ya jua, gizani, kwenye baridi kali kuliko zote za siku, peke yako, mtoto wa kike. Hata mimi ningerudi kitandani. Na nilirudi: nilipokuja kwako Julai mwaka jana, asubuhi ya kwanza nilivaa raba zangu kwa ujasiri wa mtu wa Tanga, nikafika getini, pumzi ikanitoka mdomoni kama moshi wa jiko, nikageuza. Katika siku kumi za kukaa kwako nilitia alama mbili tu, na zote mbili ni za mchana. Unakumbuka tulivyokwenda sokoni kwa miguu saa nane, jua limetulia mgongoni kama mkono wa mtu, tukapanda kile kilima na kurudi na ndoo ya viazi? Tulitembea dakika 50. Hukuiita mazoezi kwa sababu hukuwa umevaa nguo za mazoezi.

Sisi wa pwani tunalikimbia jua, wewe lifuate. Kuanzia mwezi wa Sita hadi wa Nane huko kwenu mvua hakuna, anga ni safi, na saa za katikati ya mchana ni za kupendeza. Una mapumziko ya chakula ofisini. Kula robo saa, tembea dakika 25, urudi mezani. Ukikosa mchana, toka saa kumi na nusu kabla baridi haijashuka. Uwe na kofia ya sufu na shingo iwe imefunikwa, kisha ndani vaa nguo mbili nyepesi badala ya koti moja zito, kwa maana utapata joto baada ya dakika kumi na utataka kuvua moja. Jasho likikupoa mwilini kwenye upepo wa huko ndilo litakalokutetemesha.

Mvua zikianza, Novemba hadi Aprili, geuza kila kitu. Wewe mwenyewe uliniambia kwamba mvua za Njombe hupenda kushuka baada ya chakula cha mchana. Basi hiyo ndiyo miezi yako ya asubuhi, na kwa bahati nzuri jua nalo huwahi zaidi: mwezi wa Kumi na Moja saa 12:15 kumeshapambazuka. Desemba hukushindwa na mvua, ulishindwa na tope. Ule udongo mwekundu unaoganda kwenye soli mpaka kila kiatu kikawa na uzito wa tofali nimeuona kwenye picha uliyonitumia. Tafuta njia ya changarawe, au uzunguke kiwanja cha shule iliyo jirani yako hata mara kumi na tano; inachosha macho, lakini miguu haijali. Barabara kuu ya kwenda Songea usiitumie, malori yake nimeyaona. Ikikubidi upite barabarani popote pale, tembea upande wa kulia ili uyaone magari yanayokujia, uvae kitu cheupe, na usiamini kwamba kila bodaboda ina taa.

Kuhusu mvua nina haki ya kusema, kwa maana imenivunja mfupa. Masika ya mwaka 2013 nilikuwa na kiburi cha miaka minne. Usiku kucha ilikuwa imenyesha, mitaro imejaa hadi ukingo usionekane, nami nikatoka na ndala kwa sababu raba zilikuwa mbichi za jana yake. Nilikanyaga mahali nilipodhani ni njia, nikaanguka na kuuegemea mkono wa kushoto, ukavunjika kwenye kifundo. Plasta wiki sita. Wewe ulikuwa bweni na tulikuambia mama ameteguka kidogo, utusamehe. Kwa jumla nilikaa karibu miezi minne bila kutembea, na mfupa haukuwa sababu, kwa maana miguu ilikuwa mizima. Nilikuwa nimeogopa, kisha nikazoea kulala.

Aliyenitoa ndani ni jirani yetu wa upande wa msikitini. Alikuja asubuhi moja akagonga geti kwa ufunguo, mara tatu, akasema anakwenda kununua vitumbua kwenye kona na hataki kwenda peke yake. Kona ile ni dakika nne. Tukaenda, tukarudi. Kesho yake akagonga tena. Wiki ya tatu tulikuwa tunapita kona na kufika Bombo, na vitumbua tukavisahau. Hadi leo hugonga kwa ufunguo, nami humjua kwa mlio. Kwa hiyo mtu akinisifu kwa nia thabiti ninanyamaza. Nusu ya nia hiyo ni ya mwanamke mwingine, anayeona haya kunikosesha kama mimi ninavyoona haya kumwacha getini. Ofisini kwenu hakosekani mmoja anayelalamikia mgongo au kitambi. Mwambie muende wote.

Tangu kuanguka kule, masika ninayatembea kwa namna nyingine. Nina raba jozi mbili, kwa kuwa raba iliyolowa huchukua siku mbili kukauka hata ukiijaza magazeti na kuibadilisha kila jioni. Sitoki ngurumo zikiwepo. Mvua ya kwetu ikishinda usiku na alfajiri, ninahamia saa kumi jioni. Na ninafupisha: badala ya dakika 45 za kwenda Raskazone ninazunguka mitaa ya Chumbageni kwa dakika 15, nikirudi ninatia alama ileile ya buluu, kubwa kama ya siku nyingine. Huu si udanganyifu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mwaka 2020 liliondoa lile sharti la zamani la kwamba mazoezi yahesabike yakifika tu dakika kumi mfululizo. Dakika zako saba za kwenda dukani zimo hesabuni.

Kipupwe, kama hivi sasa ninapokuandikia, sina la kukufundisha. Kusi linavuma, bahari imechafuka nje ya Kisiwa cha Toten, watu wamevaa sweta kwa nyuzijoto 21, jambo ambalo wewe utalicheka. Ninachofanya ni kuanza safari nikiukabili upepo ili unisukume wakati wa kurudi nikiwa nimechoka. Vuli nayo hainisumbui. Ni mvua za kupita, na maembe yanakuwa yameanza.

Lakini kuna msimu ambao hukuutaja, nao ndio ulionifundisha zaidi. Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo katika miaka hii kumi na sita imeniangukia karibu nusu ya mwaka: mwaka 2009 ilianza Agosti kwenye upepo mzuri, mwaka 2022 ikawa Aprili katikati ya masika, na mwaka huu ilianza mwanzoni mwa Machi, joto lingali kali. Huwezi kuwa na saa ileile ya mazoezi ukaipitisha katika Ramadhani zote hizo. Nilijaribu baada ya tarawehe, nikawa silali vizuri; nilijaribu baada ya daku, nikashinda na kiu hadi jioni. Mwishowe nilitulia kwenye nusu saa ya polepole kabla ya magharibi, ambapo nikiona kiu futari iko karibu. Daktari wangu anajua, na vidonge tulivipangia saa nyingine. Hilo usiliige bila kuuliza. Yaliyobaki yote ya misimu niliyajua kutokana na mwezi huo mmoja, kwa sababu ulinilazimisha kuuliza kila mwaka: safari hii, saa ipi?

Ninakuomba ufanye jambo moja dogo kabla ya Jumapili ijayo. Angalia jua linaingia barazani kwako saa ngapi na linatoka saa ngapi, uniandikie. Tutachagua saa yako ya mwezi huu kutokana na hapo, na mwezi wa Kumi na Moja tutachagua nyingine.

Sweta ya marehemu baba yako, ile ya kijivu, nimeifunga pamoja na raba mpya, na mzigo utaondoka na basi la keshokutwa. Raba ni namba 39. Ukivaa soksi nzito zinaweza kukubana vidoleni. Zikikubana usizilazimishe, mpe mtu, uniambie nitafute 40.

Wasalaam,
Mama yako